Barua ya wazi kwa IEBC: hizi kampeni za madhabahuni mtazisimamia ama mtaziangalia tu?

Kwa Mwenyekiti Erastus Ethekon na makamishna wote wa tume ya uchaguzi, IEBC, Anniversary Towers, Nairobi. Nakala kwa maaskofu, mapasta, mashehe na maimamu wa Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega mpaka Nakuru, maana hii kesi ni yenu pia.

Bwana Mwenyekiti, salamu kutoka Kisumu. Tukijaliwa, tarehe 10 Agosti 2027 tunarudi debeni, na najua mko bize na mashine na sajili na kesi za kortini. Lakini kuna kampeni zinaendelea huku na hamzioni kwa sababu hazifanyiwi uwanjani. Mheshimiwa Jumamosi ni Msabato, Jumapili asubuhi ako kwa Wakatoliki kiti cha mbele, saa sita ameshahamia ACK kwa Waanglikana, jioni unamkuta amevaa kanzu nyeupe na Waroho wa makanisa yetu ya Kiafrika, na Idd ikikaribia kofia iko tayari ndani ya gari. Huyo ni mtu mmoja! Ukimuuliza dini yake atakwambia yeye ni mcha Mungu, basi, mjadala umeisha, leta maiki.

Sasa wacha niseme kitu ambacho viongozi wengi wa dini hawatapenda. Mimi siamini dini ya mgombea ndio inampa mtu urais Kenya hii. Angalieni tu 2022. Wagombea walikuwa 4, mmoja wao David Mwaure ni mchungaji, na mwingine George Wajackoyah alikuwa anatuahidi kulima bangi na kufuga nyoka. Mchungaji akapata kura 31,987. Wa bangi akapata 61,969. Na hii ni nchi ambayo sensa ya 2019 ilisema Wakristo ni zaidi ya asilimia 85, hao wote walikuwa wapi siku hiyo, ama walikuwa wamefunga?

Halafu fikirieni hivi. Kitabu cha sala cha ACK kiko Kisumu na kiko Murang'a, misa ya Kakamega ndio misa ya Nyeri, lakini 2022 Kisumu karibu wote tulipigia Raila na Murang'a wakapigia Ruto. Hapa kwetu Mkatoliki, Msabato, Legio Maria, Nomiya, Roho na Muislamu, watu ambao hawawezi hata kukubaliana siku ya kuabudu, kura yao ilikuwa moja. Kwa hivyo kilichopiga kura hapo sio imani, ni mambo mengine ambayo sote tunayajua na hatupendi kuyataja mbele ya wageni.

Na mkitaka mfano mwingine, 2013 kulikuwa na mwalimu Mohammed Abduba Dida, Muislamu, mtu ambaye wengi tulimjua siku ya mdahalo wa TV. Alipata kura 52,848, akawa wa tano kati ya 8, mbele ya Martha Karua ambaye alikuwa amewahi kuwa waziri. Watu walimpenda kwa vile anaongea, hawakumuuliza anaswali wapi. Hapa Kisumu Mashariki tumemchagua Shakeel Shabbir bungeni mara kadhaa, mtu mwenye asili ya Kiasia na jina ambalo halitoki Agano Jipya, na 2017 alipita kama mgombea huru, bila tiketi ya chama, Kisumu! Anayejua siasa za huku anajua hiyo ni miujiza kuliko ile ya kwa TV.

Sisemi dini haina uzito wowote. Tangu 1963 hatujawahi kuwa na rais Muislamu, wala makamu wa rais, wala naibu, hata mmoja, na Waislamu ni karibu asilimia 11 ya nchi. Hiyo haikutokea bahati mbaya. Lakini ukiangalia vizuri utaona ukuta uko juu kabisa, kwa wale wakubwa wanaopanga tiketi, huko ndiko wanaambiana fulani hatauzika. Mpiga kura wa kawaida hata hapewi nafasi ya kukataa.

Kwa hivyo dini inafanya nini kwa uchaguzi wetu? Kwa maoni yangu inafanya kazi mbili. Inaogofya watu, na inakuwa sabuni, yaani mtu ako na pesa hazieleweki na maneno hayaeleweki anapelekwa mbele ya madhabahu anawekewa mikono anatoka akiwa msafi.

Hiyo ya kuogofya sisi wa Nyanza tunaijua vizuri. 2007, mwezi wa Agosti, Raila, Mungu amlaze pema, aliweka saini makubaliano na viongozi wa Waislamu wa NAMLEF. Mambo yenyewe yalikuwa ya kawaida tu, Waislamu walikuwa wanalalamika kukamatwa ovyo na wengine kupelekwa nchi za nje bila kesi, na Pwani na Kaskazini Mashariki kuachwa nyuma kimaendeleo. Lakini kabla ile karatasi ya kweli haijatolewa ikatoka nyingine ya uongo, ati Raila ameahidi Sharia, ati Uislamu utakuwa ndio dini ya kweli pekee, ati injili itafungwa. Ikasomwa makanisani. Ile ya kweli ilipotolewa Novemba nani alikuwa anasikiliza, watu walikuwa wameshashika yao, na wale wa "lisemwalo lipo" ndio walikuwa wengi. Na mwanasiasa mwenyewe alikuwa Mwanglikana wa Bondo!

Mnajua kilichofuata. Sisemi vita vya 2008 vililetwa na ile karatasi, hapana, sababu zilikuwa nyingi na zingine ni zenu nyinyi tume, samahani, si nyinyi binafsi lakini ofisi ni ile ya kusimamia kura. Ila watu zaidi ya 1,100 walikufa, na tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa kule Eldoret wakachomwa humo ndani, wengi wao wakiwa akina mama na watoto. Baadaye mwaka huo NCCK, baraza la makanisa, wenyewe wakakiri kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wamechukua pande. Nawapa heshima kwa hilo. Lakini kukiri baada ya mazishi inasaidia nani?

Mwaka uliofuata, 2009, tukaona picha za Raila akibatizwa na mhubiri Nabii Owuor ndani ya dimbwi la kuogelea. Wengine walicheka, mimi niliona ni mtu anajibu 2007.

Na hii ya mahakama ya kadhi je? 2010 tuliambiwa tukipitisha katiba Waislamu watatutawala. Maaskofu na mapasta wakasimama na kundi la La, la kupinga katiba, Ruto akiwa mmoja wa wanaoliongoza. Ukweli ni kwamba kadhi alikuwa kwa katiba tangu uhuru, na Kifungu cha 170 kinasema wazi kadhi anahusika na ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu binafsi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali wenyewe kwenda kwake. Katiba ilipita tarehe 4 Agosti 2010 kwa asilimia 67 hivi. Mkristo gani wa Kakamega ameitwa kwa kadhi mpaka leo? Nyanya yangu anangoja summons tangu wakati huo, na nyanya yangu ni Mkweka, yaani Quaker, wa Kaimosi.

Wacha pia niseme na sisi, kwa sababu nyani haoni kundule. 2017 huku tuliimba Kanani mpaka sauti zikakauka. Raila alikuwa Yoshua, ukimuuliza mtu swali kidogo kuhusu pesa za kaunti unaambiwa wewe ni wale wa kurudi Misri. Pasta mmoja hapa Nyalenda, simtaji, aliambia watu kwamba asiyeamka kwenda kupiga kura anavunja agano na ukoo wake utabeba hiyo laana. Watu walisema amina! Mama wa watu ako na watoto 5 na duka la omena linadai kodi, unamwongezea laana ya ukoo juu yake, hiyo ni haki kweli? Halafu 2022 upande ule mwingine wa Ruto wakatuambia sisi tuko na system na deep state, yaani wakubwa wa serikali, wao wako na Mungu na wananchi. Kwani Mungu alikuwa ameandikishwa kwa kituo gani?

Mtaniambia hii ni shida ya Waafrika. Si kweli. Marekani wako na katiba inayokataza kabisa kipimo cha dini kwa kiongozi, na bado 1960 John Kennedy ilibidi aende Houston kuelezea wachungaji wa Kiprotestanti kwamba yeye kuwa Mkatoliki haimaanishi ataongozwa na Papa. Na hii ya Obama tunaijua sisi zaidi kwa sababu nyumbani kwa baba yake ni hapa Kogelo. Februari 2008, sisi huku watu bado wako makambini, Wamarekani walikuwa wanatumiana picha yake akiwa amevaa mavazi ya Kisomali, picha ya Wajir ya 2006, kama ushahidi kwamba ni Muislamu wa siri. Mtu ambaye alikuwa muumini wa kanisa Chicago miaka mingi! Mama Sarah, nyanya yake wa kambo, kweli alikuwa Muislamu, na alipofariki Machi 2021 alizikwa Kogelo kesho yake kwa taratibu za Kiislamu, na hakuna mtu aliona ajabu. Watu walihangaika kumtetea Obama ati jamani si Muislamu, si Muislamu, mpaka Oktoba Colin Powell, waziri wao wa zamani wa mambo ya nje, ambaye alikuwa chama cha upande ule mwingine, akasema ndio, ni Mkristo, lakini jibu lenyewe hasa ni kwamba hata kama angekuwa Muislamu kwani kuna ubaya gani? Hilo ndilo swali ambalo sijawahi kusikia kiongozi wa dini wa hapa kwetu akiuliza kwa maiki, kampeni zikiwa zimepamba moto.

Sasa tuje kwa sabuni. Juni 25, 2024 vijana waliandamana mpaka wakaingia bunge, na moja ya vitu walikuwa wanapigia kelele ni wanasiasa kubeba magunia ya pesa makanisani. Julai Rais akatangaza hakuna afisa wa serikali kushiriki harambee tena. Tukapiga makofi. Novemba mwaka huohuo yeye mwenyewe akatoa mamilioni kwa parokia ya Soweto kule Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaamuru pesa zirudishwe. Mimi si Mkatoliki lakini siku hiyo nilitembea nikijiskia Mkatoliki kidogo. Machi 2025 ikawa ahadi ya milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, vijana wakaandamana, na siku chache baadaye kanisa lingine Eldoret likaahidiwa kiasi kama hicho.

Na kabla ya hapo, Septemba 2021, ilikuwa huku kwetu Magharibi, Butere, siku Rose Okeno anatawazwa kuwa askofu wa kwanza mwanamke wa ACK kuongoza dayosisi. Wakubwa wa siasa walikuja wamejipanga kuongea, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit akawanyima maiki. Akasema wakaribishwe kwa kiti, si kwa mimbari. Maaskofu wa Katoliki nao wakatoa msimamo kama huo wiki hiyohiyo. Kwa hivyo inawezekana, na imewahi kufanyika, na mbingu hazikuanguka. Tatizo ni kwamba inategemea askofu ameamkaje siku hiyo. Pasta wa kanisa dogo la mabati kule Obunga ambaye anadaiwa kodi ya ploti hana huo ubavu, mheshimiwa akija na bahasha atapewa maiki na atapewa na kwaya.

Ndio maana naandikia nyinyi na si wao peke yao. Kwa sababu sheria mko nayo tayari. Kanuni za maadili ya uchaguzi zilizo ndani ya Sheria ya Uchaguzi zinakataza kufanya kampeni kwa nyumba za ibada na kwa mazishi. Iko hapo, imeandikwa, vyama na wagombea wote huweka saini. Na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inahesabu kuwa ni kosa kumshurutisha mpiga kura kwa kumtishia madhara, na haisemi madhara ya mwili na mali peke yake, inataja mpaka madhara ya kiroho! Yaani ile laana ya ukoo ya Nyalenda si mahubiri, ni kosa la uchaguzi. Nimeuliza watu wengi, waumini, mafundi, mpaka wakili mmoja, karibu wote hawakujua hiyo kitu iko. Na mimi sijawahi kuona bango lenu hata moja limesema hivyo. Mabango yenu ni ya kutuambia tubebe kitambulisho.

Najua mtasema kanuni zinabana wakati wa uchaguzi tu, na sasa hivi mheshimiwa akitoa pesa kanisani hiyo si kampeni. Sawa. Ndio maana wanatoa sasa. Na Sheria ya Fedha za Kampeni ya 2013 mnajua wenyewe vile chaguzi za 2017 na 2022 zilipita bila kutumika. Siwaombi mtunge sheria, hiyo ni kazi ya bunge na bunge ndilo linabeba hizo bahasha. Naomba kile kiko ndani ya uwezo wenu. Tangazeni kuanzia sasa, kwa redio za lugha zote, kwamba kumtishia mpiga kura kwa laana ama jehanamu ni kosa la uchaguzi. Andikieni NCCK, maaskofu Wakatoliki, SUPKEM, baraza la Waislamu, na wale wa kipentekoste, na msisahau makanisa ambayo hayako kwa hizo miavuli, maana huku kwetu ndiyo yana watu, Legio Maria kule Got Kwer, Nineveh kule Vihiga, Nomiya na Roho kila kona ya Siaya. Halafu dirisha la kampeni likifunguliwa, 2022 lilikuwa kuanzia Mei 29 hadi Agosti 6, hiyo ni Jumapili 10 tu, mtume watu wenu waketi nyuma ya kanisa kama waumini wengine, wasikilize. Ile kamati yenu ya maadili inaweza kupiga mgombea faini na hata kumzuia kufanya kampeni. Mmeitumia kwa fujo za uwanjani. Itumieni na kwa madhabahu.

Msije mkasema nataka makanisa yanyamaze. Nani alipinga mlolongo wa 1988, watu wanasimama nyuma ya picha na mwenye laini fupi anatangazwa mshindi? Askofu Henry Okullu, hapa Maseno Kusini, alipigia kelele hiyo serikali kutoka mimbarini wakati wabunge walikuwa wanatetemeka. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa na waziri hadharani kwamba akikanyaga Busia hatarudi, akaenda, na Agosti 14, 1990 akafa kwa ajali ya barabara akirudi, na mpaka leo watu wa huku hawajaamini ilikuwa ajali tu. Ndingi Mwana a'Nzeki alisimama na waliofukuzwa mashambani akiwa askofu wa Nakuru. Hao hawakusema mpigie fulani kwa sababu ni wetu kwa imani. Walisema kura isiibiwe, watu wasiuawe, na hawakulipwa helikopta. Mtu yeyote anaweza kutofautisha hayo mawili, hata akiwa amesinzia ibadani.

Baba Askofu, Pasta, Shehe, mnaosoma hii nakala, kwenu ni moja tu. Mgombea akija muulizeni Mumias ya sukari ilikufaje na nani alikula, muulizeni kwa nini watoto wetu wanamaliza chuo wanaendesha boda, muulizeni gugumaji la ziwa. Akianza kuwajibu na mistari ya Biblia mwambieni hiyo mtasoma wenyewe, ndiyo kazi yenu. Na mkisikia kuna karatasi ya siri ya Sharia ama ya wapagani ama ya sijui Wafriimasoni inazunguka, iteni huyo mgombea aje nayo mkono wake kabla hamjaisoma kwa waumini. 2007 kama mngefanya hivyo tu.

Bwana Mwenyekiti, kura zilizotenganisha wa kwanza na wa pili 2022 zilikuwa 233,211. Hizo zinaweza kutoka kwa Jumapili chache za mahubiri mabaya, upande wowote ule, na wakipelekana tena Mahakama ya Juu hakuna fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, itaonyesha zilitoka wapi. Nangoja jibu lenu kwa maandishi, kabla dirisha la kampeni halijafunguliwa, mkieleza ni nani kwa ofisi yenu ya kaunti hapa Kisumu atapokea malalamiko ya nyumba za ibada na atachukua muda gani kuyajibu. Likija kwa Kiswahili na Dholuo na Kiluhya itakuwa afadhali zaidi, kwa sababu sisi tutalibandika mlangoni kwa kanisa, na kule msikitini pia nimeshaongea na wazee wamekubali.

Mpiga kura, Kisumu